Nondo zikiliwa na kutu, ghorofa la pwani litahimili tetemeko?

#1 Mwana_Kigamboni
Habari zenu wakuu.

Naishi kwenye jengo la ghorofa nne, ukitoka getini unaiona bahari. Nguzo ya pembeni kule chini tunakopaki magari imepasuka wima, ufa umenyooka kama umepigwa rula, na mvua ikinyesha yanachuruzika madoa ya kahawia. Juzi niligonga kwa nyundo, ikalia uwazi, kikadondoka kipande cha zege kikubwa kuliko kiganja. Ndani nikaiona ringi, kile chuma chembamba kinachozizunguka na kuzifunga nondo za wima: kwenye kona imeisha kabisa, ukiigusa ni unga. Nondo za wima bado zipo ila zina magamba yanayobanduka kwa kucha.

Mwenye nyumba anasema fundi atakuja kupiga plasta na rangi, yaishe. Hoja yake ni kwamba jengo limesimama tangu miaka ya 80 na halijawahi kuyumba. Lakini wote tunakumbuka tarehe 12 Agosti 2020 usiku, lile tetemeko la 6.0 lililotokea baharini, Dar nzima watu wakashuka ghorofani na kanga na taulo. Lilikuwa mbali kidogo na pwani. Je, likija la karibu?

Swali langu: kutu inapunguza kweli uwezo wa jengo kuhimili tetemeko, au ni sura tu imeharibika? Wataalamu naomba mnisaidie, nina watoto humo ndani.

#2 Dege_la_Mwembechai
Hama mkuu. Mengine tutajadili ukiwa kwenye nyumba nyingine.

#3 FundiNondo_Temeke
Mkuu usitishike mapema. Mimi kazi yangu ni kufunga nondo tangu kijana. Kutu ipo ya aina nyingi. Nondo ikikaa saiti wiki kadhaa inakuwa nyekundu, hiyo haina shida, tena zege linaishika vizuri kuliko ile inayong'aa. Ya kuogopa ni ya magamba, ile ukipiga brashi ya waya inabaki nyembamba.

Halafu kutu haiji yenyewe. Hapo nina hakika hawakuweka biskuti, vile vipande vya zege vya kuitenga nondo na mbao. Fremu ya nondo imelalia mbao, zege likamwagwa, ringi ikabaki na kava (zege linaloifunika) ya sentimita moja. Ukiongeza zege la maji mengi ambalo halikupigwa vibreta (mashine ya kulitikisa zege lijae vizuri), umeikaribisha bahari ndani.

#4 Mhandisi_Mtulivu
Pole mleta uzi. Fundi hapo juu yuko sahihi kuhusu kutu nyepesi. Ngoja nieleze kwa nini hiyo ringi iliyoisha inanitisha kuliko nondo zenye magamba.

Siku za kawaida nguzo inabanwa kwenda chini tu. Zege ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo, na hata ringi zikiwa mbovu linaendelea kubeba. Ndiyo maana jengo la hivyo linaweza kukaa miaka na watu wakalala juu yake bila hata mlango kukwama. Hoja ya mwenye nyumba kwamba limesimama tangu miaka ya 80 inathibitisha jambo moja tu: linabeba uzito wake.

Tetemeko halisukumi chini, linavuta pembeni na kurudisha, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Nguzo inapinda huku na huku ikiwa bado imebeba ghorofa zote. Hapo ringi ina kazi tatu. Kuzuia nguzo isikatike kwa mshazari. Kulifunga zege la katikati lisisambaratike ganda la nje likishabanduka. Na kuzishika nondo za wima zisipinde kutokea nje. Ringi ikiisha, kazi hizo tatu hazina wa kuzifanya.

Sasa angalia ringi inakaa wapi: nje kabisa, karibu na uso wa zege. Chumvi inaifikia kabla ya nondo kubwa. Na ndiyo nyembamba kuliko zote. Chukua ringi ya mm 8 na nondo ya mm 16, zote kutu izile mm 1 kuzunguka. Ringi inabaki mm 6, nondo inabaki mm 14.

#5 Mbezi_Juu
Kwa hesabu hiyo ringi imepungua robo, robo tatu bado ipo. Si mbaya sana.

#6 Kipimo_Sahihi
@Mbezi_Juu hapana. Nguvu ya chuma inaenda na eneo la mkato wake, siyo kipenyo. 8 mara 8 ni 64, 6 mara 6 ni 36. Ringi imepoteza asilimia 44. Nondo ya 16 ikibaki 14 imepoteza asilimia 23. Kina cha kutu ni kilekile, hasara ya ringi karibu mara mbili.

Na majengo ya zamani mengi yana ringi za mm 6. Hiyo ikiliwa mm 1 kuzunguka inabaki mm 4, zaidi ya nusu imeondoka.

#7 Mbezi_Juu
Duh. Basi nguzo ya mleta uzi ilikwisha zamani.

#8 Mzenji_wa_Malindi
Asalaam alaykum.
Mie nipo Unguja, mambo haya twayaona kila siku. Kutu ya pwani si kama ya bara. Bara zege huzeeka pole pole kwa hewa ya kaboni dioksaidi. Zege jipya lina alkali kali, pH inafika 12 na nusu hadi 13, na alkali hiyo ndiyo huipa nondo ngozi nyembamba ya kuilinda. Hewa ikiingia taratibu pH hushuka, ikifika chini ya 9 ngozi ile haipo tena na kutu huanza, lakini huenea sawasawa.

Chumvi haingoji pH ishuke. Hutoboa ngozi hapa na pale, hapo pakawa shimo, na shimo likazidi kwenda chini huku pembeni chuma ki kizima. Ukiitazama nondo wasema nzima, kumbe ina tundu limeshafika katikati. Na nyumba ngapi zimejengwa kwa mchanga wa ufukweni kwa sababu ulikuwa karibu na bei rahisi? Hata Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoanguka sehemu Disemba 2020 watu walisema ni chuma kuliwa na bahari.

#9 Kipimo_Sahihi
Shukrani @Mzenji_wa_Malindi, umeeleza vizuri. Ila Beit al Ajaib tuiweke pembeni. Ile ni ya 1883, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na baraza zenye nguzo za chuma. Siyo jengo la zege la nondo, na siku ile ardhi haikutikisika. Tukiichanganya humu tutapoteza njia.

#10 Mzenji_wa_Malindi
Sikatai kwamba ni ya mawe. Lakini hewa ya bahari ile ile ndiyo inayokula chuma cha baraza na nondo za nyumba ya jirani. Tuendelee.

#11 Kariakoo_Mjini
Na lile jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 2024? Na lile la ghorofa 16 katikati ya jiji mwaka 2013?

#12 Mhandisi_Mtulivu
@Kariakoo_Mjini la 29 Machi 2013 lilikuwa bado linajengwa, watu 36 wakapoteza maisha. Nondo hazikuwa na muda wa kuota kutu. La 2024 nalo halikuhusiana na tetemeko wala bahari. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, tusibebeshe kutu kila kitu.

#13 Msomaji_Istanbul
Salaam kutoka Istanbul, nasoma huku. Uzi huu huku ni maongezi ya kila siku, kwa sababu mfano mkubwa wa mchanga wa bahari na tetemeko upo hapahapa Uturuki.

Tarehe 17 Agosti 1999 saa tisa usiku na dakika mbili, tetemeko la 7.6 (wengine huandika 7.4) lilipiga Gölcük, Yalova na miji jirani kandokando ya Bahari ya Marmara. Takwimu rasmi ni zaidi ya watu 17,000. Walipochambua vifusi walikuta makombe ya baharini ndani ya zege. Mchanga ulichotwa ufukweni, haukuoshwa. Nondo zilikuwa nyororo, zisizo na mbavu, nyingi zimeshakuwa na kutu, na ringi zimekunjwa kwa pembe ya digrii 90 tu, yaani zege la nje likibanduka ringi inafunguka.

Miaka kadhaa baadaye, 2012, wakatunga sheria ya kubomoa na kujenga upya majengo hatari. Wenye nyumba wanaomba kupimwa, mafundi wanakuja na mashine wanatoboa vipande vya zege na kuvipeleka maabara, wanabandua kava kuitazama nondo. Rafiki yangu alipanga kwenye jengo lililopimwa hivyo. Kwenye nguzo ya chini walipobandua, nondo nyororo ilitoka mkononi mwa fundi, zege halikuwa limeishika tena.

#14 Ghorofa_Laini
Hapo napinga. Uturuki watu hawakufa kwa sababu ya kutu. Walikufa kwa sababu chini ni maduka na juu ni makazi. Juu kuna kuta za matofali kila mahali, chini kuna vioo na nguzo tupu. Tetemeko likija ghorofa ya chini ndiyo laini, inalala upande, zilizobaki zinashuka juu yake. Hata ungeweka nondo zisizoshika kutu, umbo hilo lingeanguka.

Tazameni Dar: Sinza, Magomeni, Kariakoo, mpangilio ni huohuo. Mleta uzi mwenyewe kasema nguzo yake iko kwenye maegesho. Maegesho maana yake hakuna kuta. Ugonjwa wa jengo lake ni umbo. Kutu inafuata baadaye.

#15 Msomaji_Istanbul
@Ghorofa_Laini umbo ni kweli, sijalikana. Lakini mtaa mmoja una majengo mapacha, mchoro mmoja, mkandarasi mmoja, moja linalala na jingine linabaki. Umbo moja. Utaeleza vipi?

#16 Ghorofa_Laini
Udongo. Au mwenye jengo moja alivunja kuta za chini apanue duka. Au lile lililobaki lilikaa sambamba na mwelekeo wa mtikisiko. Usikimbilie kutu kwa sababu inaonekana kwa macho.

#17 Mhandisi_Mtulivu
Nyote wawili mnazungumzia nguzo ileile. Ghorofa laini maana yake mtikisiko wote unakusanyika kwenye nguzo za chini, zinatakiwa kupinda sana bila kukatika. Kupinda bila kukatika kunategemea ringi. Na nguzo za chini ndizo zinazopata unyevu, maji ya kuoshea magari, mvuke wa chumvi. Umbo linaleta mzigo mahali ambapo kutu imeshapunguza uwezo.

#18 Ghorofa_Laini
Mkuu wewe unataka kutupatanisha, mimi nataka tujue kipi cha kurekebisha kwanza. Pesa ni moja. Mleta uzi akipewa milioni kumi, aanze na kuta za chini au na nguzo?

#19 Mama_Ihungo
Mimi ni wa Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016 mchana, 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia wakaumia, na maelfu ya nyumba zikapasuka au kulala chini. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Naomba niseme tu kwamba kwetu nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali na udongo, hazina nondo hata moja. Yaani wakati nyinyi mnahesabu kutu, sisi tulitamani kuwa na nondo za kuota kutu.

Ndugu zangu wa pwani msidhani matetemeko ni ya kwetu huku Bonde la Ufa peke yake. La Rukwa la 1910 lilikuwa 7.4. La Ziwa Tanganyika 5 Disemba 2005 lilikuwa 6.8. Lile la Natron Julai 2007 lilisikika hadi Nairobi. Ardhi yetu inatikisika, sema tunasahau haraka.

#20 Dege_la_Mwembechai
Pole sana mama, na asante kwa kutukumbusha.

#21 Mwana_wa_Goma
Hapa Goma tuko na vyote viwili. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, ardhi ilitetemeka siku nyingi, kuta zikapasuka, watu wakakimbilia Sake na Gisenyi. Na moshi wa volkeno unaleta mvua yenye asidi, mabati yanatoboka upesi sana. Swali kwa wahandisi: mvua hiyo inaweza kuingia hadi kwenye chuma cha zege kama chumvi ya bahari?

#22 Kipimo_Sahihi
@Mwana_wa_Goma asidi inakula uso wa zege na kulipunguzia alkali, kwa hiyo kava nyembamba itaumia. Lakini haitoboi nondo ndani ndani kama kloridi, yaani ile chumvi ya bahari. Kwako zege zito lenye kava ya kutosha linasaidia sana. Mabati hayana kava yoyote, ndiyo maana yanakwenda mapema.

#23 Muscat_Bara_na_Pwani
Masalkheri jamaa. Nipo Muscat, kazi yangu ukarabati wa majengo. Ghuba nzima ilijifunza somo hili kwa gharama. Majengo mengi ya miaka ya 1970, wakati wa haraka ya mafuta, yalijengwa kwa kokoto na mchanga wenye chumvi, wakati mwingine na maji ya chumvi, na joto hili linaharakisha kila kitu. Mengine yalianza kubanduka kabla hayajafika umri wa mtoto wa sekondari.

Na msidhani hatuna tetemeko. Novemba 1945 kule Makran, ng'ambo ya bahari, lilitokea la 8.1 na tsunami ikafika pwani ya Oman.

Ninachotaka kusema kwa @Mwana_Kigamboni: usiruhusu plasta juu ya kutu. Kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokula. Haina pa kwenda, inasukuma zege nje. Ukipiga plasta, mwaka ujao inabanduka tena, na katikati ya hapo huoni kinachoendelea ndani.

#24 FundiNondo_Temeke
Hapo mkuu wa Muscat umesema kweli tupu. Mimi nimeitwa kwenye nyumba nyingi, naambiwa "piga plasta tu, wapangaji wanaingia Jumamosi". Nikisema tubandue tuone, naambiwa natafuta kazi.

Na mnasahau visima. Kigamboni, Mbagala, hata Masaki, maji ya visima vingi yana chumvi unaionja mdomoni. Fundi anakorogea zege maji hayohayo, halafu anamwagilia nguzo maji hayohayo wiki nzima. Mchanga unaweza kuwa wa mtoni, safi, lakini chumvi imeingia kwa bomba.

#25 Binti_Mzizima
Asante fundi, hilo la maji ya kumwagilia sikuwahi kulifikiria. Nyumbani tunajenga sasa hivi na kisima ni cha chumvi. Tufanyeje?

#26 FundiNondo_Temeke
@Binti_Mzizima dada, nunua boza la maji baridi kwa ajili ya nguzo, bimu na slabu. Ya chumvi tumia kuoshea vifaa na kunyeshea miti inayovumilia. Gharama ya boza mbele ya gharama ya nguzo si kitu.

#27 Nusu_Kipenyo
Naingia na hoja tofauti. Jengo likilegea kidogo kwa kutu, linayumba pole pole zaidi, na jengo linaloyumba pole pole hupokea nguvu ndogo ya tetemeko kuliko lililokakamaa. Huo ni msingi wa fizikia. Kwa hiyo kutu kiasi inaweza hata kusaidia.

#28 Mhandisi_Mtulivu
@Nusu_Kipenyo nguvu inapungua, lakini safari inaongezeka. Jengo laini linasogea zaidi pembeni, na kusogea ndiko kunakohitaji nguzo ipinde bila kukatika. Umepunguza kile ambacho nguzo yenye kutu inakiweza na kuongeza kile isichokiweza.

Na si kila ardhi inapendelea majengo magumu. Mexico City, 19 Septemba 1985: mji umekaa juu ya udongo laini wa ziwa la zamani, ardhi iliyumba huku kila mzunguko wa kwenda na kurudi ukichukua kama sekunde mbili, na majengo ya ghorofa 6 hadi 15 ndiyo yaliyoumia zaidi kwa sababu mzunguko wao wa kuyumba ulikaribiana na wa ardhi. Jengo la huko likilegea, linausogelea mtego.

#29 Nusu_Kipenyo
Dar siyo Mexico City. Tuna mchanga, hatuna tope la ziwa.

#30 Mbezi_Juu
Jangwani je? Bonde la Msimbazi je?

#31 Nusu_Kipenyo
Hapo mabondeni sawa. Kwingine nabaki na hoja yangu.

#32 Chuma_Moto
Mnajadili kutu bila kuuliza ni nondo gani. Nondo za kisasa nyingi zinapozwa kwa maji ghafla zikitoka kwenye mashine. Zinapata ganda gumu nje na kiini laini ndani. Ugumu mwingi wa nondo uko kwenye lile ganda. Kutu inaanzia wapi? Kwenye ganda. Kwa hiyo mm 1 ya kwanza inayoliwa ni ile yenye nguvu kuliko mm 1 ya katikati. Hesabu ya @Kipimo_Sahihi inachukulia chuma kiko sawa kote, kwa nondo hizi hasara ni zaidi ya hapo.

Halafu kuna kuvutika. Nondo nzima ukiivuta inarefuka kwanza ndipo ikatike. Ikiwa na mashimo ya kutu, kuvutika kote kunakusanyika kwenye shimo moja na inakatika mapema, hata kama uzito inaobeba haujapungua sana. Tetemeko linahitaji chuma kinachorefuka. Mtu akipima nguvu peke yake anaweza kuondoka ameridhika.

#33 Maabara_Kimya
Naunga mkono la kuvutika, ila tahadhari. Majaribio mengi ya nguzo zenye kutu yanafanywa kwa kupitisha umeme ili kutu ije ndani ya wiki badala ya miaka. Kutu ya umeme inaenea sawasawa kuzunguka nondo. Kutu ya asili ya chumvi inatoboa mashimo. Ndiyo maana mtu anaweza kuonyesha nguzo ya maabara iliyopoteza asilimia kumi ya chuma ikafanya vizuri, na nguzo ya mtaani yenye hasara hiyohiyo ikafanya vibaya.

Na lile la fundi kule #3 lina ukweli wa kitaalamu: kutu kidogo sana, ya asilimia moja hivi au chini, inaweza kuongeza mshiko kati ya chuma na zege kwa sababu inabana. Zege likishapasuka, mshiko unaporomoka.

#34 Ghorofa_Laini
Kwa hiyo hata maabara hawajakubaliana. Ndiyo maana nasema anza na umbo, linaonekana na linapimika.

#35 Chuma_Moto
Umbo unaweza kulipima kwa macho, kweli. Lakini kuna watu wameweka kuta chini, wakaacha nguzo zinaoza ndani ya plasta. Ukuta wa tofali ukipasuka kwa mtikisiko wa kwanza, nguzo iliyooza ndiyo inayobaki.

#36 Duka_la_Vifaa
Niwatoe kidogo nje ya mada. Kabla ya kutu, hakikisheni mnanunua nondo ya kweli. Nondo ya mm 12 ina kilo 0.888 kwa mita. Pande la mita 12 linatakiwa liwe kama kilo 10.66. Pimeni kwenye mzani pale dukani. Kuna nondo zinaitwa 12 mtaani lakini mzani unasema nyingine, na mtu kashajenga na ringi zimeanza nyembamba kabla hata bahari haijazigusa.

#37 Binti_Mzizima
Kesho naenda na mzani. Muuzaji akikataa?

#38 Duka_la_Vifaa
Akikataa dada, nenda duka la pili.

#39 Mwana_Kigamboni
Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote. Nimemwonyesha mwenye nyumba baadhi ya hoja. Sasa anauliza: apime vipi kabla ya kutoa pesa? Na ukarabati sahihi ukoje?

#40 Kipimo_Sahihi
Vipimo vya kuanzia siyo vya kutisha. Kwanza, kugonga jengo zima kwa nyundo na kuchora maeneo yanayolia uwazi. Pili, kupima kava kwa kifaa cha sumaku bila kubomoa. Tatu, kutoboa kidogo na kunyunyiza kemikali ya fenolfthaleini: zege lenye alkali linageuka waridi, lililochoka linabaki na rangi yake. Nne, unga wa zege wa kina tofauti upelekwe maabara kupima kloridi. Tano, kipimo cha voltiji ya nondo: kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, ikisoma hasi zaidi ya milivolti 350, uwezekano wa kutu kuwa inaendelea ni zaidi ya asilimia 90.

Msisahau tangi la maji juu ya paa na maji ya kiyoyozi yanayodondokea balkoni. Nimeona slabu nzuri iliyoliwa mstari mmoja tu, chini ya bomba la kiyoyozi.

#41 Muscat_Bara_na_Pwani
Ukarabati: kwanza weka mirunda au jeki kupunguza mzigo, usibandue nguzo iliyobeba nyumba ukiwa umesimama chini yake. Bandua zege bovu hadi nyuma ya nondo, vidole vipite. Safisha chuma hadi king'ae. Palipoisha ongeza nondo na ringi mpya zenye kulabu za digrii 135 zinazoingia ndani ya zege. Kisha mota maalumu ya ukarabati au koti jipya la zege kuzunguka nguzo yote.

Ukiziba kiraka kimoja na kuacha zege la jirani limejaa chumvi, kutu inahamia pembeni ya kiraka. Nimerudi kwenye kazi za wengine nikakuta kiraka kizima, kingo zake zimepasuka zote.

#42 Nusu_Kipenyo
Siku hizi wanafunga nguzo kwa kitambaa cha kaboni na gundi, kinafanya kazi ya ringi toka nje, bila kubomoa. Si bora hiyo?

#43 Muscat_Bara_na_Pwani
@Nusu_Kipenyo kinabana zege vizuri sana kwa tetemeko, hilo nimeliona kazini. Lakini ukikifunga juu ya zege lenye chumvi bila kusafisha, umefunga ugonjwa ndani. Na huoni tena ufa wala doa.

#44 Maabara_Kimya
Wapo wanaosema kitambaa kikizuia hewa na maji, kutu inapungua mwendo. Mjadala haujafungwa.

#45 Muscat_Bara_na_Pwani
Haujafungwa, ndiyo. Mimi bado nasafisha kwanza.

#46 Mzenji_wa_Malindi
Na kwa wanaojenga upya? Nasikia kuna nondo zilopakwa rangi ya plastiki.

#47 Chuma_Moto
Hizo za epoksi. Marekani walizitumia kwenye madaraja ya visiwa vya Florida Keys, na kufikia 1986 wakakuta kutu kwenye nguzo zilizo majini. Mkwaruzo mmoja wakati wa kufunga, chumvi inapita hapo. Za chuma kisichoshika kutu ni jambo jingine: gati la Progreso, Yucatán, Mexico, lilijengwa na nondo hizo kati ya 1937 na 1941, na mpaka leo lipo baharini linatumika.

#48 FundiNondo_Temeke
Bei yake mkuu?

#49 Chuma_Moto
Mara kadhaa ya nondo ya kawaida. Kuna wanaoziweka kwenye ringi za nguzo za chini tu, kwingine kawaida.

#50 Ghorofa_Laini
@Mwana_Kigamboni kabla hamjanunua chochote piga picha hiyo ghorofa ya chini, pande zote nne, uiweke hapa. Nataka kuona kuta ziko wapi.

#51 Mhandisi_Mtulivu
Na picha ya kila nguzo kwenye kimo cha magoti na pale inapokutana na bimu juu. Kutu ikiwa imekula ringi za hapo, sitajali sana kuta ziko wapi, mwambie mwenye nyumba aweke jeki wiki hii.